Hitilafu za Diski Kuu: Jinsi ya Kuamua Iwapo Diski Inafaa Kubadilishwa

Tarakilishi inapoanza kutoa ujumbe wa hitilafu za diski, watu wengi hukimbilia mojawapo ya maamuzi mawili. Wapo wanaopiga ujumbe huo teke na kuendelea na kazi hadi siku mashine itakapokataa kuwaka, na wapo wanaotoka mara moja kwenda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya kielektroniki jijini Nairobi, kununua diski nyingine, kumbe kilichoharibika ni kebo ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya diski. Maamuzi yote mawili yana gharama. La kwanza linaweza kufuta hesabu za duka za miaka mitano, rekodi za wagonjwa wa zahanati au picha za harusi ambazo mteja bado hajazilipia. La pili humaliza fedha na kuacha tatizo pale pale lilipokuwa, kwa kuwa diski mpya itaunganishwa kwa kebo ile ile mbovu.

Idadi ya hitilafu peke yake haitoshi kuamua. Mambo yanayoamua ni matatu: hitilafu imetoka wapi, imetulia au inaongezeka, na ndani ya diski hiyo mna nini ambacho hakina nakala mahali pengine. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kumpa msomaji majibu ya maswali hayo kwa utaratibu usiohatarisha data, na zinahusu hasa diski za sahani zinazozunguka, ambazo bado hupatikana sana katika tarakilishi za mezani zilizokwisha kutumika ng'ambo zinazouzwa mjini, katika vinasa video vya kamera za usalama na katika diski za nje za kubebea kazi.

Hatua ya kwanza: Toa nakala kabla ya kupima chochote

Kila kipimo cha diski ni kazi kwa diski yenyewe. Programu inayosoma uso mzima ikitafuta sehemu mbovu hulazimisha vichwa vya kusomea kupita juu ya sahani zote kwa muda wa saa kadhaa, na iwapo kichwa kimoja kimeanza kuharibika, huenda kipimo hicho ndicho kitakachoimaliza diski. Kwa sababu hiyo nakala hutangulia, na kipimo hufuata. Anza na vitu visivyoweza kupatikana tena, yaani hati, hesabu, picha na kumbukumbu za mazungumzo ya kikazi, kisha uendelee na vingine. Programu zinaweza kusakinishwa upya na filamu zinaweza kutafutwa tena, kwa hivyo zisishike foleni mbele ya ripoti ya mwaka.

Kuna hali moja ambayo hata nakala haifai kujaribiwa. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga inayojirudia, au mlio wa kukwaruza, au ikijaribu kuzunguka kisha ikatulia na kujaribu tena, izime papo hapo. Kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kikigusa uso wake hukwangua tabaka la sumaku lenye data. Kila dakika ya ziada inapunguza kinachoweza kuokolewa. Diski kama hiyo hufunguliwa tu katika chumba maalumu kisicho na vumbi, na fundi yeyote anayejitolea kuifungua juu ya meza ya duka, hata kama nia yake ni njema, anafaa kukataliwa kwa upole. Ushauri wa kuitia diski ndani ya friji nao upuuzwe, kwa sababu unyevu utakaoganda ndani yake unaongeza madhara.

Kama diski iko kimya lakini inakwama inaposoma faili fulani, usiendelee kunakili kwa kuburuta folda, kwa sababu mfumo endeshi utairudia sehemu ile mbovu mara nyingi na kuichosha diski bure. Tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, ambayo katika Ubuntu hupatikana kwa jina la gddrescue. Programu hii husoma kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, huruka zile mbovu na kuzirudia mwishoni, huku ikiandika ramani ya kazi yake ili iweze kuendelea pale ilipokatizwa. Ikiwa diski mbovu ni /dev/sdb na diski nzima iliyo tupu ni /dev/sdc, amri ya kwanza ni ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map, na ya pili, baada ya hiyo kumalizika, ni ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.map. Hakikisha kwa amri ya lsblk kwamba umetambua kila diski kwa ukubwa na muundo wake kabla ya kubonyeza kitufe, kwani ukibadilisha mpangilio wa majina hayo mawili utafuta kile ulichotaka kuokoa.

Amri ya chkdsk /r ya Windows ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo haiko hapa mwanzoni. Amri hiyo husoma diski nzima na pia hubadilisha muundo wa mfumo wa faili, na juu ya diski inayokufa inaweza kuviacha vipande vya faili bila majina. Nimeona mafundi wengi wakianza nayo kwa sababu ndiyo wanayoikumbuka haraka, na ni desturi ninayotamani ikome.

Hatua ya pili: Soma ujumbe ujue unatoka ngazi gani

Hitilafu inaweza kuwa katika uso wa sahani, katika njia ya kupitishia data, au katika mpangilio wa faili tu. Dalili kwa mtumiaji hufanana, maana kwa vyovyote faili hukataa kufunguka, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Katika Windows, fungua Event Viewer na utazame orodha ya matukio ya mfumo. Tukio nambari 7 kutoka chanzo kiitwacho disk humaanisha kuwa diski yenyewe imeripoti sehemu isiyosomeka. Tukio nambari 11 ni hitilafu ya mawasiliano na kidhibiti cha diski, na mara nyingi hutokana na kebo, umeme au kidhibiti chenyewe. Tukio nambari 153 hueleza kuwa ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe, nalo linaweza kutoka upande wowote, wa diski yenyewe au wa njia ya data. Tukio nambari 55 kutoka Ntfs huhusu muundo wa mfumo wa faili, na likijitokeza peke yake baada ya umeme kukatika, diski inaweza kuwa nzima kabisa.

Katika Linux, amri ya dmesg au journalctl -k huonyesha maneno ya kiini cha mfumo. Ukiona UNC au maneno medium error, diski imeshindwa kusoma kilichoandikwa juu ya sahani zake. Ukiona ICRC, data iliharibika njiani kati ya diski na bodi kuu ya tarakilishi. Herufi hizo chache zinaweza kukuokolea bei ya diski nzima, kwa hivyo ziandike mahali, pamoja na tarehe na saa.

Hatua ya tatu: Iulize diski yenyewe

Diski nyingi zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 huweka kumbukumbu za afya zao ndani yake kwa utaratibu uitwao SMART. Katika Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzionyesha. Katika Linux hutumika amri ya smartctl -a /dev/sda kutoka kifurushi cha smartmontools. Diski ya nje iliyounganishwa kwa USB huenda ikahitaji kuongezewa -d sat kabla ya jina la diski. Anayetumia CrystalDiskInfo afahamu kwamba kwa kawaida programu hiyo huandika thamani ghafi, yaani hesabu yenyewe kabla ya kusawazishwa, kwa tarakimu za msingi wa 16, na hivyo kinachosomeka 10 ni kumi na sita. Ni vyema kubadilisha mpangilio huo ili tarakimu zisomeke kwa msingi wa 10.

Juu ya ripoti kuna hukumu ya jumla: PASSED au FAILED. Hukumu ya FAILED iaminiwe bila kusita, na diski ibadilishwe. Hukumu ya PASSED haistahili imani hiyo. Kila sifa ya diski ina thamani iliyosawazishwa na kiwango cha chini kilichowekwa na mtengenezaji, na hukumu ya jumla hubadilika tu thamani inaposhuka hadi kiwango hicho. Watengenezaji wameviweka viwango hivyo chini mno, kiasi kwamba diski inaweza kuwa na mamia ya sehemu mbovu na bado ikatangazwa kuwa imefaulu. Tazama thamani ghafi, ile ya safu ya mwisho.

Uso wa diski umegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja kikiwa na baiti 512 au 4,096. Sifa nambari 5 huhesabu sekta zilizopatikana kuwa mbovu na nafasi yake kuchukuliwa na sekta za akiba ambazo kila diski hutoka nazo kiwandani. Sifa nambari 197 huhesabu sekta zilizoshindikana kusomwa na ambazo diski bado inasubiri kuziamulia. Nambari 198 ni sekta zilizoshindikana katika ukaguzi ambao diski hujifanyia ikiwa imetulia, na nambari 187 ni hitilafu ambazo diski ilishindwa kuzirekebisha na ikalazimika kuiambia tarakilishi. Nambari 10, inayohesabu majaribio ya kurudia kuanza kuzunguka, inafaa kubaki sifuri. Ikipanda wakati umeme ni mzuri, mota au mhimili wake unachoka.

Uzito wa sifa hizi umepimwa. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa diski iliyopata hitilafu yake ya kwanza katika ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kuharibika ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na hitilafu kama hiyo. Kwa sekta ya kwanza kuhamishwa, uwezekano huo ulikuwa mara 14. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa walizozifuatilia. Kampuni ya Backblaze, inayohifadhi data kwa maelfu ya diski, ilieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 76.7 ya diski zake zilizoharibika zilikuwa na thamani zaidi ya sifuri katika angalau sifa moja kati ya 5, 187, 188, 197 na 198, ilhali miongoni mwa zilizokuwa zikifanya kazi ni asilimia 4.2 pekee. Nambari 188 huhesabu amri zilizokwisha muda bila kujibiwa.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili yanayohitaji kushikwa pamoja. Dalili zikionekana, zichukuliwe kwa uzito mkubwa. Zisipoonekana, usihitimishe kuwa diski ni salama, kwa sababu sehemu kubwa ya diski hufa bila kutoa onyo lolote. Nakala ya akiba haina badala, hata kwa diski yenye ripoti safi.

Zipo pia tarakimu zinazotisha bure. Diski za Seagate huonyesha mamilioni katika sifa nambari 1 na nambari 7, kwa kuwa ndani ya tarakimu hiyo moja mmewekwa pamoja idadi ya hitilafu na idadi ya shughuli zote zilizofanywa. Mteja akiletewa picha ya tarakimu hizo na kuambiwa diski imekwisha, aombe aonyeshwe nambari 5, 187, 197 na 198.

Hatua ya nne: Ondoa shaka ya kebo na umeme

Sifa nambari 199 huhesabu mara ambazo data iliharibika ikisafiri kati ya diski na bodi. Ikiwa hii ndiyo inayopanda huku 5, 197 na 198 zikiwa sifuri, usinunue diski. Zima mashine, badilisha kebo ya SATA, ile inayopitisha data kati ya diski na bodi, tumia tundu jingine kwenye bodi, na uhakikishe plagi ya umeme imekaa sawasawa. Hesabu ya 199 haishuki kamwe, kwa hivyo andika ilipofikia na uitazame baada ya wiki moja. Ikibaki palepale, tatizo limetatuliwa. Kwa diski ya nje, badilisha kebo ya USB na uichomeke nyuma ya tarakilishi ya mezani, kwani matundu ya mbele mara nyingi huunganishwa kwa waya mrefu ndani ya kasha na hutoa umeme dhaifu. Kasha lenyewe la diski nalo linaweza kuwa ndilo bovu. Ikiwezekana kuitoa diski ndani yake na kuiunganisha moja kwa moja kwenye bodi, jaribu hivyo kabla ya kuilaumu.

Hapa Nairobi suala la umeme linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko miongozo mingi iliyoandikiwa nchi nyingine inavyofanya. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, sekta iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki nusu: data iliyomo hailingani na alama za urekebishaji zilizoandikwa pamoja nayo. Diski ikirudi kuisoma sekta hiyo hushindwa, na huiingiza katika hesabu ya nambari 197, ingawa uso wa sahani mahali hapo hauna kasoro yoyote. Baada ya usiku kama ule wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, kukuta sekta moja au nane zinazosubiri katika mashine iliyokuwa kazini si ajabu. Nambari nane hujitokeza mara kwa mara kwa sababu diski nyingi za sasa huandika vipande vya baiti 4,096, na kila kimoja ni sawa na sekta nane za baiti 512.

Sifa nambari 192 huhesabu mara ambazo vichwa vililazimika kurudi mahali pao pa usalama kwa ghafla. Ikiwa kwenye tarakilishi ya ofisi ya Ngara au Kariobangi nambari hiyo inapanda mara kadhaa kila wiki, unasoma historia ya umeme wa jengo hilo. Kifaa cha UPS, kinachoendelea kutoa umeme wa betri unapokatika, kikiwa na betri nzima kitaifaa diski hiyo kuliko kubadilishwa kwake, na diski mpya itakayowekwa bila UPS itarithi matatizo yale yale. Mwinuko wa jiji letu, kwa upande mwingine, usipewe lawama ambazo wengine huupa: Nairobi iko chini ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na watengenezaji huandika kwa kawaida kuwa diski zao hufanya kazi hadi mita 3,048.

Hatua ya tano: Kipimo kirefu cha ndani

Data ikiwa imeokolewa na kebo imethibitishwa, sasa diski inaweza kupimwa. Amri ya smartctl -t long /dev/sda huiagiza isome uso wake wote yenyewe kwa yenyewe, bila data kupita kwenye kebo, na ndiyo maana kipimo hiki hutenga vizuri tatizo la diski na matatizo ya njia. Kwa diski ya terabaiti 1, tarajia muda wa saa mbili au zaidi. Kwa diski kubwa iache usiku kucha. Zuia tarakilishi isilale, maana kipimo kitakatizwa. Matokeo husomwa kwa smartctl -l selftest /dev/sda.

Kipimo kikikamilika bila hitilafu, uso wote umesomeka siku hiyo. Kikiandika read failure, kitataja pia anwani ya sekta ya kwanza kilipokwama, nacho huwa hakiendelei mbele ya hapo, kwa hivyo sekta moja iliyotajwa haimaanishi kuwa ni moja tu. Matokeo haya yanaweza kukusaidia unapodai dhamana. Ihifadhi ripoti hiyo pamoja na risiti.

Hatua ya sita: Sekta zinazosubiri zipewe nafasi ya kujibu

Kwa kawaida sekta inayosubiri haiamuliwi mpaka iandikwe upya. Ikiandikwa, diski huikagua: ikiwa ni nzima, huirudisha kazini na nambari 197 hushuka, ikiwa ni mbovu, huibadilisha kwa sekta ya akiba na nambari 5 hupanda. Hapo ndipo hutofautishwa athari ya umeme na ugonjwa wa sahani.

Baada ya kuthibitisha kwamba nakala zako zinafunguka, tena ukizifungua kwenye mashine nyingine, andika sifuri kwenye diski nzima. Katika Windows, kuanzia toleo la Vista, kufanya formati kamili bila kuchagua ile ya haraka hufanya kazi hiyo katika sehemu inayofomatiwa. Formati ya haraka haigusi sehemu kubwa ya diski wala haiponyi chochote. Fundi anayemaliza kazi kwa dakika mbili na kusema diski imekaa sawa ameondoa orodha ya faili tu. Katika Linux, badblocks -wsv /dev/sdb huandika na kusoma diski nzima mara nne kwa mifumo tofauti ya biti, na kwa diski kubwa itachukua siku nzima au zaidi, lakini jibu lake ni la kutegemewa.

Kisha pima tena. Nambari 197 ikirudi sifuri na nambari 5 isipande, diski haikuwa na ugonjwa. Nambari 5 ikipanda kwa sekta chache kisha kipimo kirefu kikapita, diski ina kovu na inahitaji kuangaliwa. Sekta mpya zinazosubiri zikizuka baada ya kuandikwa kote huko, usitafute ushahidi mwingine.

Hatua ya saba: Uamuzi

Weka daftari, hata la karatasi, uandike tarehe pamoja na nambari 5, 187, 197, 198 na 199. Soma mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja. Nambari 5 iliyosimama kwenye 6 kwa miaka miwili ina habari njema kuliko ile iliyotoka 0 hadi 2 na kufika 5 katika majuma matatu.

Mimi hubadilisha diski bila mjadala inapotoa sauti mbaya, inaposhindwa kipimo kirefu hata baada ya kuandikwa upya, nambari 5 inapopanda katika visomo viwili vinavyofuatana, nambari 10 inapopanda ilhali umeme ni mzuri, au inapotoweka kwenye mfumo baada ya kebo na tundu kubadilishwa. Siibadilishi kwa sababu ya nambari 199 peke yake, wala kwa hitilafu za mfumo wa faili zilizofuata kukatika kwa umeme, wala kwa kasi ndogo ya kuandika tu. Kuhusu hilo la mwisho, zipo diski ambazo njia zake za data hulaliana kama vigae vya paa ili zibebe data nyingi zaidi, na zikiandikwa mfululizo hupunguza kasi kupita kiasi huku zikipanga upya data yake. Kasi hiyo ndogo ni maumbile yake.

Katikati ya hali hizo mbili kuna diski yenye sekta chache zilizohamishwa na zilizotulia, na hapo jibu hutegemea kazi yake. Diski inayobeba hesabu za kodi za biashara au rekodi za wagonjwa iondolewe, kwani tofauti ya bei haifikii hasara ya siku moja ya kazi iliyopotea. Diski ileile inaweza kuendelea kubeba nakala ya pili ya filamu, mradi mwenyewe ajue hali yake. Ninachopinga kwa moyo wote ni desturi ya kuzichukua diski zenye makovu na kuzitoa kama msaada kwa shule, ambako hakuna atakayefuatilia tarakimu zake na ambako kazi ya mwalimu ya muhula mzima ndiyo itakayopotea.

Umri nao uingizwe katika hesabu. Sifa nambari 9 huonyesha saa ambazo diski imekuwa ikizunguka. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hivyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Umri peke yake si sababu ya kuitoa, lakini diski ya umri huo ikipata sekta yake ya kwanza mbovu, singeisubiri ipate ya pili. Katika seva yenye diski mbili zinazoakisiana, ibadilishe iliyougua mapema, kwa sababu kuijenga upya jozi hulazimisha ile iliyobaki isomwe yote, na mara nyingi zote mbili zilinunuliwa siku moja.

Kwa diski za SSD, ambazo hazina sahani zinazozunguka, sauti haina nafasi, na sekta zinazosubiri hazina uzito ule ule. Katika zile za NVMe, aina ya SSD yenye njia yake ya kasi ya kuwasiliana na bodi, tazama asilimia ya matumizi, akiba iliyobaki na idadi ya hitilafu za data. Asilimia ya matumizi inaweza kupita 100 na diski ikaendelea kufanya kazi, lakini akiba ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, au hitilafu za data zikianza kuhesabika, ibadilishwe haraka, kwa kuwa SSD ikifa mara nyingi hutoweka yote kwa mpigo.

Baada ya kuamua kubadilisha

Unaponunua, iunganishe diski dukani kabla ya kulipa na usome nambari 9. Diski mpya huwa na saa sifuri au chache mno. Tarakimu hizo zinaweza kufutwa: mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara kama mpya, kumbukumbu zake za SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Kilichofichua ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo smartctl toleo la 7.4 na yanayofuata huweza kuisoma kwa diski za Seagate kupitia amri ya smartctl -l farm. Tafuta pia nambari ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji uone dhamana yake, kwa sababu diski zilizotengenezewa makampuni ya tarakilishi huenda zisiwe na dhamana kwa mnunuzi wa kawaida. Endesha kipimo kirefu siku ya kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Diski ya zamani isitupwe na data ndani yake, wala isiachwe kwa fundi kama vipuri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humwajibisha anayehifadhi taarifa za watu wengine, na diski yenye majina ya wateja, nambari zao za simu na hali zao za kiafya inaendelea kuwa jukumu lako hata baada ya kuharibika. Ikiwa bado inaandika, iandike sifuri yote. Ikiwa haiandiki, toboa sahani zake kwa drili katika sehemu kadhaa, ukiwa umevaa miwani ya kinga, kwa kuwa baadhi ya sahani ni za kioo na hupasuka, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre.